Kimulimuli cha Heysel

Kati ya mwaka 2004 na 2006 Atomium, jengo la tufe tisa lililosimama kwenye uwanda wa Heysel katika kitongoji cha Laeken, kaskazini mwa Brussels, lilivuliwa ngozi yake. Mabati ya alumini yaliyolifunika tangu Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1958 yalibanduliwa, yakawekwa mengine ya chuma kisichoshika kutu. Yale ya zamani hayakwenda yote kuyeyushwa. Vipande vya umbo la pembetatu viliuzwa kwa umma kwa euro 1,000 kila kimoja, si kwa uzito wa alumini yake, bali kwa kuwa viliwahi kukaa pale juu wakati mamilioni ya watu walipopita chini.

Somo hilo halikuwapita wachuuzi wa vitu vikuukuu. Bati chakavu likipata tarehe na mahali hupanda bei, na bati lisilo na tarehe laweza kutafutiwa. Ndiyo maana mtu anayetafuta taa za zamani za magari ya dharura nchini Ubelgiji, zile kuba za buluu zilizozunguka juu ya magari ya wagonjwa, ya polisi na ya zimamoto, hukutana na maelezo yanayofanana: hii ilikuwa juu ya gari la wagonjwa la Maonyesho ya 1958; hii ilikuwa ya askari wa Gendarmerie; hii ilirudi kutoka Kongo. Huenda ni kweli. Muuzaji si lazima awe mwongo, kwani mara nyingi naye alisimuliwa na aliyemuuzia, na msimulizi wa kwanza alikwisha kufa. Lakini taa ina maandishi yake, gia zake na balbu yake, na hivyo havikusimuliwa na mtu.

Kabla ya kuigeuza taa na kuitazama chini, yafaa kwanza kulitazama jina lake. Laeken, iliyounganishwa na Jiji la Brussels mwaka 1921, ni mahali pa lugha mbili, na kila lugha imeiona taa hii kwa jicho lake. Kifaransa huiita gyrophare, yaani mnara wa taa unaozunguka. Nusu ya pili ya neno hilo inarudi nyuma hadi kisiwa cha Pharos na mnara mashuhuri wa Aleksandria. Kiholanzi huiita zwaailicht, taa inayopunga, kana kwamba gari linanyoosha mkono na kuwapungia watu wapishe. Kiswahili kimekwenda vichakani. Kimulimuli ni mdudu wa usiku, na jina lake limejengwa juu ya kumulika. Leo, polisi wa usalama barabarani wa Tanzania wanapoonya kuhusu magari binafsi yanayofungwa ving'ora na vimulimuli kinyume cha sheria, hakuna msikilizaji anayefikiria wadudu. Neno limehama, na limehama vizuri: lina ule upesi wa kuonekana na kutoweka ambao dereva huuona kwenye kioo cha pembeni kabla hajasikia sauti yoyote.

Hata hivyo, kwa taa za zamani, Kifaransa ndicho kilichosema kweli zaidi. Kimulimuli huwaka na kuzimika. Taa ya kuzunguka haizimiki. Balbu yake huwaka mfululizo tangu dereva anapobonyeza swichi hadi anapoizima, na giza analoliona mtazamaji ni ule muda tu ambao mwali umemgeuzia mgongo. Kanuni hii ni ya mabaharia. Lenzi ya Fresnel, iliyowekwa mara ya kwanza mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan katika pwani ya Ufaransa, ilikusanya mwanga wa taa moja na kuufanya miali iliyozungushwa juu ya bahari, na tangu hapo nahodha aliweza kuutambua mnara kwa kuhesabu mpigo wake. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakuwa wageni wa hesabu hiyo: mnara wa Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, ulijengwa mwaka 1904 na kuingizwa gesi mwaka 1926, muda mrefu kabla ya gari lolote la visiwani kubeba taa ya buluu kichwani. Kilichofanywa karne ya 20 ni kuupunguza mnara hadi ukatoshea juu ya paa la gari.

Namna ulivyopunguzwa ndiyo dalili ya kwanza ya asili ya taa. Katika taa ya kawaida ya Ulaya ya miaka ya 1950 na 1960 mna balbu moja iliyosimama wima katikati, kioo cha kuakisi kilichopinda kama kiganja, na mota ndogo. Mota hukizungusha kioo. Balbu hubaki palepale. Marekani ilishika njia nyingine. Taa ya Beacon Ray ya kampuni ya Federal Sign and Signal ya Chicago, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1940, katika miundo yake iliyoenea zaidi ilizungusha balbu zenyewe: taa za duara zilizozibwa kabisa, kila moja ikiwa na kioo chake ndani, zikikaa juu ya kisahani kinachozunguka na kupata umeme kupitia brashi zinazosugua pete ya shaba. Mtu akifungua kuba na kukuta balbu mbili au nne zilizopeana mgongo juu ya kisahani, amekwisha kutoka Laeken na kuvuka Atlantiki, hata kama kuba lenyewe ni la buluu na muuzaji anaapa kwa jina la Mfalme Baudouin.

Mota nayo husema. Nyingine huendesha kioo kwa gia ya skrubu ya shaba au ya plastiki. Nyingine kwa gurudumu dogo la mpira linalobana ukingo wa kisahani. Mpira huzeeka. Ukikauka huteleza, na taa huzunguka kwa uvivu, kwa kusitasita, jambo linalowafanya wengine waamini kwamba taa za kale zilikuwa za polepole kiasi hicho. Volti husaidia pia. Magari mengi madogo ya Ulaya ya baada ya vita yalitumia volti 6, na Volkswagen ziliendelea nazo hadi katikati ya miaka ya 1960. Malori na magari makubwa ya zimamoto yalitumia 24. 12 ndiyo iliyotawala baadaye. Taa ya volti 24 haikukaa juu ya gari dogo la doria, hata kama inapendeza kuiwazia hapo.

Rangi ya buluu ina historia yenye kinaya. Ulaya iliipata kutoka Ujerumani, ambako kanuni za magari zilizoanza kutumika mwaka 1938 zilitenga buluu kwa polisi na zimamoto. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni ya kijeshi: nchi ilikuwa inajiandaa kwa vita na kwa usiku wa kuzima taa, na mwanga wa buluu, unaotawanyika upesi hewani, ulidhaniwa kuwa mgumu kuonwa na rubani aliye juu. Rangi iliyochaguliwa ili isionekane kutoka mbinguni ikaja kuwa rangi ya kuonekana barabarani. Taa zenyewe zilizozunguka zilienea baada ya vita, kupitia watengenezaji kama Bosch na kampuni yake ya Eisemann, na Hella, ambayo mfano wake wa KL 7 unajulikana kwa wakusanyaji wa bara zima. Buluu ilikuwa chaguo la gharama. Waya wa balbu unaowaka kwa joto hutoa mwanga mwingi mwekundu na wa manjano, na kidogo sana wa buluu. Kuba la buluu kwa hiyo humeza sehemu kubwa ya kile kinachozalishwa na kupitisha kilichobaki. Ukubwa wa kioo cha kuakisi katika taa za mwanzo, ambao macho ya leo huuona kuwa wa kizembe, ulikuwa jitihada ya kuokoa hicho kidogo.

Wenye ujuzi hawaanzi na kuba. Kuba ndilo linalovunjika, linalobadilishwa, na linalodanganya kuliko sehemu nyingine zote. Kuba la kioo halisi ni zito na baridi mkononi, na rangi yake haififii kwa jua. La akriliki hupata mitandao ya nyufa nyembamba kama ya uso wa mtungi wa kale. La polikaboneti, plastiki iliyogunduliwa katika maabara za Bayer mwaka 1953, halivunjiki kirahisi lakini hugeuka manjano na ukungu. Haya ni kweli na yana faida, ila yanaeleza umri wa kuba peke yake. Taa ya mwaka 1960 yaweza kuvaa kuba la mwaka 1980, kama mzee aliyevaa viatu vya mjukuu.

Wao huanza chini, kwenye kitako, mahali ambapo mhuri wa kibali ulipigwa. Na hapa ndipo Laeken, bila kukusudia, inapokuwa mahali pazuri kuliko pengine popote pa kujifunzia kazi hii, kwa sababu tarehe mbili za uwanda wa Heysel zinaingiliana na tarehe mbili za mihuri hiyo kwa ukaribu wa kustaajabisha.

Tarehe ya kwanza ni 17 Aprili 1958, siku Maonyesho ya Dunia yalipofunguliwa. Wiki nne kamili kabla yake, tarehe 20 Machi 1958, mkataba ulitiwa sahihi mjini Geneva chini ya Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya, wa kutambuliana vibali vya vipuri vya magari. Huo ndio uliozaa ile alama ambayo kila mwenye gari ameiona pasipo kuiangalia: herufi E kubwa ndani ya duara, ikifuatwa na namba ya nchi iliyotoa kibali. Ujerumani ni 1, Ufaransa 2, Italia 3, Uholanzi 4, Uswidi 5, Ubelgiji 6. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 20 Juni 1959. Maonyesho yalikuwa yamefungwa tangu tarehe 19 Oktoba 1958. Basi taa yoyote yenye duara na E ndani yake, iwe 6 au namba nyingine, haikutengenezwa kabla malango ya Heysel hayajafungwa. Hapana haja ya mtaalamu wala maabara; inatosha kuigeuza taa.

Taa ya kweli ya 1958 ingekuwa na nini, basi? Ama isingekuwa na mhuri wowote zaidi ya jina la mtengenezaji, ama ingekuwa na mhuri wa taifa moja. Wajerumani walipiga mistari ya mawimbi ikifuatwa na herufi K na namba. Wafaransa walitumia TP, kifupi cha wizara yao ya kazi za umma. Waitaliano waliandika IGM, jina la ukaguzi mkuu wa vyombo vya moto. Mihuri hii iliendelea kutumika kwa miaka mingi baada ya mkataba wa Geneva, kwa hiyo kuwapo kwake hakuthibitishi 1958, hakukanushi tu. Balbu huongeza kizuizi kingine. Balbu ya halojeni ya aina ya H1 iliingia sokoni mwaka 1962, na taa ambayo kishikio chake kiliundwa kwa ajili ya H1 tangu mwanzo, pasipo dalili ya kuchongwa au kuunganishwa upya, haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo.

Tarehe ya pili ya Heysel haielezwi kwa bei. Tarehe 29 Mei 1985, kabla ya fainali ya Kombe la Klabu Bingwa la Ulaya kati ya Juventus na Liverpool, mashabiki walivamiwa katika sehemu ya Z ya uwanja wa mpira uliojengwa mwaka 1930, wakakimbilia ukutani, na ukuta ukaanguka. Watu 39 walikufa, 32 kati yao Waitaliano, na mamia waliumia. Mechi ilichezwa hata hivyo, na Juventus ikashinda kwa bao moja. Picha za usiku ule zimeenea dunia nzima, na katika nyingi miili imelazwa chini na watu wanabebwa juu ya vipande vya uzio. Ubelgiji ilikuwa na sheria ya msaada wa dharura wa matibabu tangu tarehe 8 Julai 1964, na amri ya kifalme ya tarehe 1 Desemba 1975 ilikuwa imekwisha kuweka taa ya buluu ya kumetameta kuwa alama ya magari yenye haki ya kupishwa. Taa zilikuwapo. Watu walikufa kwa sababu nyingine: uwanja uliochakaa, tiketi zilizowachanganya mashabiki, askari wachache na waliokosa mawasiliano.

Kwa mtu anayejaribu kuzisoma picha hizo, au anayeuziwa kitu kinachodaiwa kutoka siku hiyo, mhuri unaohusika ni ule wa Kanuni ya 65 ya mkataba uleule wa Geneva, kanuni ya kwanza ya mkataba huo iliyohusu taa za tahadhari peke yake. Ilianza kutumika mwaka 1986. Chini ya kanuni hiyo taa hupewa herufi na namba: T kwa taa inayomulika pande zote, X kwa inayomulika upande mmoja, B kwa buluu, A kwa rangi ya chungwa, R kwa nyekundu, kisha 1 au 2 kwa idadi ya viwango vya ukali wa mwanga. Taa ya buluu ya kuzunguka yenye kiwango kimoja itaandikwa TB1. Kanuni iliweka pia mpigo, kati ya mara mbili na mara nne kwa sekunde, na hivyo zile taa za kivivu zikawekwa nje ya mlango. Taa yenye TB1 haikuwapo Heysel usiku wa tarehe 29 Mei 1985. Kuna mwaka mzima kati yao. Anayeiuza kwa jina la msiba huo anauza kifo cha watu kwa kitu ambacho hakikuwashuhudia, na hapo, tofauti na mabati ya Atomium, kosa la tarehe si la kuchekwa.

Mitego imebaki. Namba ya nchi ndani ya duara ni ya nchi iliyotoa kibali, si lazima iwe ya kiwanda wala ya barabara ambako taa ilitumika; kampuni ya Ujerumani inaweza kuomba kibali Ubelgiji, na E6 isimfanye mtu aone askari wa Brussels mahali pasipo na mmoja. Gari la polisi la Ubelgiji lingeweza kubeba taa ya E1 maisha yake yote. Mchezo wa kubadilisha makuba ni rahisi pia, kwani makuba ya chungwa na ya buluu ya muundo mmoja hukaa juu ya kitako kilekile. Taa ya chungwa ya gari la kuvuta magari mabovu, ambayo haimvutii mtu, hugeuzwa taa ya polisi kwa skrubu tatu. Kitako kikisema A na kuba likiwa la buluu, mmoja wao ni mgeni, na kwa kawaida mgeni ndiye mwenye rangi nzuri zaidi. Gendarmerie yenyewe ilivunjwa tarehe 1 Januari 2001, polisi wa Ubelgiji walipounganishwa, na kitu chochote cha taasisi iliyokufa hupata thamani ambayo hakikuwa nayo ilipokuwa hai.

Dai la tatu, lile la Kongo, linahitaji subira zaidi, kwa sababu hapo kinachotafutwa mara nyingi si taa, ni picha yenye taa.

Maonyesho ya 1958 yalikuwa pia maonyesho ya Kongo. Chini ya Atomium kulikuwa na mabanda ya koloni, na Wakongo wapatao 600, wanaume, wanawake na watoto, waliletwa Ubelgiji kwa ajili yake. Wengi walilazwa Tervuren, upande wa pili wa jiji, wakabebwa kwenda Heysel na kurudi. Baadhi yao waliwekwa katika kijiji cha makuti nyuma ya uzio wa mianzi, wafanye kazi za mikono mbele ya watazamaji, na watazamaji wakawarushia ndizi na karanga. Katikati ya msimu wale wa kijijini walikataa kuendelea, wakarudi kwao. Miaka miwili baadaye Kongo ilikuwa huru. Koloni hilohilo lilipigwa picha kwa bidii na Inforcongo, idara ya habari ya serikali ya kikoloni, na mkusanyo wake sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren: zahanati, shule, barabara pana, magari safi ya wagonjwa. Yaliyoandikwa chini ya picha yalieleza kile ambacho idara ilitaka kieleweke. Mjukuu wa dereva au wa muuguzi wa Lubumbashi, anayeishi leo Matonge au Liège na kushika nakala isiyo na tarehe, hana budi kuuliza vitu vilivyomo ndani ya picha: sahani ya namba, umbo la taa za mbele, na kile kilichopo juu ya paa.

Hapo taa husaidia, ikitumiwa kwa kiasi. Paa lisilo na kitu halithibitishi kwamba picha ni ya kabla ya taa za kuzunguka, kwani magari mengi yaliendelea na kengele au king'ora tu. Paa lenye taa hutoa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, na haliwezi kutoa ule ambao haiwezi kuupita, maana gari la 1952 liliweza kufungwa taa mwaka 1965. Kuba refu la kioo linaloonyesha kivuli cha kiakisi kimoja kikubwa ni jambo moja. Kuba fupi lenye balbu zilizopeana mgongo ni jingine, na katika Kongo ya miaka ya mwanzo ya 1960, ambako vifaa vya Umoja wa Mataifa viliingia kutoka nchi nyingi, tofauti hiyo yaweza kuonyesha gari lilikuwa mkononi mwa nani.

Jambo hilo halikuwa la wakusanyaji peke yao. Tarehe 13 Desemba 1961, mapigano kati ya jeshi la Umoja wa Mataifa na vikosi vya Katanga yakiwa yamepamba moto mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Georges Olivet, mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, aliuawa pamoja na wasaidizi wawili waliojitolea, wakiwa safarini katika gari la wagonjwa. Kilichokuwa kikiwalinda kisheria, chini ya Mikataba ya Geneva ya 1949, ni msalaba uliochorwa juu ya gari. Mwanga haukuwa na hadhi yoyote katika sheria ya vita. Ilipofika mwaka 1977, Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mikataba hiyo ilikuwa na kiambatisho kinachoeleza ishara ya mwanga ya huduma za tiba: taa ya buluu ya kumetameta, kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Ilitengwa kwa ndege za wagonjwa. Rangi ambayo mwaka 1938 ilikusudiwa ndege isiione ikawa, baada ya miaka 39, rangi ya ndege inayoomba isipigwe. Na kasi yake, mpigo mmoja au zaidi kidogo kwa sekunde, ni ya polepole kuliko ile ambayo Kanuni ya 65 ingeitaka barabarani miaka tisa baadaye. Mtu akikuta taa ya buluu yenye mpigo huo na asiyeona sababu, afikirie uwanja wa ndege kabla ya kufikiria gia mbovu.

Safari ya vitu haikuishia uhuru. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yaliyostaafu Ubelgiji yamepewa au kuuzwa Kongo na kwingineko Afrika kwa miongo mingi, na mtaa wa Heyvaert, huko Anderlecht na Molenbeek, umekuwa lango la magari makuukuu yanayoelekea bara hilo. Si ajabu taa yenye E6 ikaonekana juu ya paa katika mji ambao Mbelgiji hajatawala tangu 1960. Mtafiti wa kesho atakayeiona na kuandika kwamba ni masalia ya ukoloni atakuwa amesahau kusoma mhuri: duara la E ni la baada ya Juni 1959, na TB1 ni ya baada ya 1986, wakati Kongo ilikuwa Zaire. Taa hiyo ni mtumba, kama shati.

Katika Laeken ya sasa taa za kuzunguka zimekwisha, au karibu kwisha. Uwanja wa Heysel ulijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1995 kwa jina la Mfalme Baudouin, na magari ya wagonjwa yanayosubiri nje yake siku za mechi yamebeba vibao bapa vya diodi, visivyo na mota, kioo wala gia. Diodi hizo huwaka na kuzimika kweli, na kwa mara ya kwanza jina la Kiswahili limekuwa sahihi kuliko la Kifaransa. Atomium imepata diodi pia. Ile ya 1958 ilikuwa na balbu ndogo zilizopangwa kwenye miduara ya tufe zake, zikiwaka kwa zamu ili mtazamaji aone elektroni zikizunguka, ingawa hakuna kilichozunguka.

Soko la vitu vikuukuu la Brussels lenyewe halipo Laeken. Lipo katika uwanja unaoitwa kwa Kifaransa Jeu de Balle na kwa Kiholanzi Vossenplein, na hufunguliwa kila siku asubuhi mbele ya jengo la karne ya 19 lililokuwa kambi ya wazimamoto. Huko, anayeuziwa taa ya Maonyesho ya 1958 aombe kuishika, aigeuze, na kuifuta vumbi kitakoni kwa kidole. Akikuta duara lenye E, arudishe taa mezani na kuulizia bei ya taa ya kawaida.